Kompyuta Tatu za Kariakoo na Mbuzi Juu ya Paa

Kilichonitoa nyumbani ni woga. Klabu yetu ya sayansi ilitakiwa Jumatatu ionyeshe shule nzima filamu ya katuni kuhusu mafuriko ya Mto Msimbazi. Kuichora nilichukua mimi, maana ni kazi isiyo na kuongea. Ijumaa mwalimu akaikuta kompyuta ya shule bado inatengeneza picha moja moja, mwendo wa kobe. Akasema, "Neema, Jumatatu ikiwa haijaisha, utasimama utusimulie kwa mdomo."

Jioni ile nikapata programu ya kugawia kompyuta nyingi kazi moja. Iliahidi: weka, bonyeza, kapumzike. Haikutaja watu popote. Nikaipenda.

Jumamosi asubuhi, Ilala. Niliondoka kwa miguu, laptop ya kaka mgongoni, kwenda kwa Mjomba Elia anayeuza taa na nyaya kwa jumla Kariakoo. Korido yao ina maduka matatu, intaneti moja, na kila duka lina kompyuta ambayo muda mwingi inatazama wateja tu. Mtaa wa Msimbazi nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba hizo kompyuta kimoyomoyo, mpaka msukuma mkokoteni akanipigia kelele, "Dada, amka!" Maneno yote yakapotea.

Kariakoo, dukani kwa Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Hapana."

Akaendelea kupanga taa. Mwisho nikaikazia macho balbu moja, nikaieleza shida yangu, na Mjomba akasikia. Alikubali, ila majirani nikawaombe mwenyewe.

Bhai Jayesh, Mhindi muuza madaftari wa duka la pili, aliuliza, "Haitasoma mauzo yangu iwapelekee watu wa kodi?"

"Haisomi, Bhai. Inachora tu."

"Inachora nini?"

"Mafuriko."

"Dukani kwangu?"

Mama Nasra, muuza madera wa duka la tatu, alikubali kabla sijamaliza. Nadhani alinihurumia.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi kweli. Nikaweka, nikabonyeza, picha zikagawanywa, na kwenye kila kioo likatokea jedwali la kuonyesha duka gani limemaliza picha ngapi. Nikakaa juu ya boksi la nyaya, nikapumzika kama nilivyoahidiwa.

Adhuhuri, korido ile ile. Jengo lile wanaogopa moto kuliko wezi. Anayetoka dukani, hata kwa chai, anazima swichi kubwa. Mama Nasra akaenda kuswali: tap. Bhai akaenda kula: tap. Mjomba akamsindikiza mteja: tap. Picha zilizokuwa katikati zikaanza upya. Waliporudi nikawaomba wasizime tena.

"Duka likiungua, mwalimu wako atakuja kuzima?" akauliza Mjomba.

Nilijiona nimeshasimama mbele ya shule. Ndipo nikalitazama lile jedwali, nikaenda kwa Mama Nasra na kumwambia taratibu, "Bhai anaongoza."

"Huyu anayepanga maboksi mbele ya mlango wangu?" Akavaa miwani. Alasiri aliswali nyuma ya kaunta, swichi hakuigusa.

Kwa Bhai nikasema, "Mama Nasra anakukaribia." Wakati huo hakuwa anamkaribia, ila baadaye alimkaribia. Bhai akapiga simu nyumbani, chai yake ya jioni na chapati viletwe dukani. Kwa Mjomba sikuhitaji maneno mengi. "Mjomba, wewe ni wa mwisho." Mteja akaomba kuchaji simu, Mjomba akamwambia umeme una kazi.

Jioni, kabla ya kufunga, filamu ikakamilika. Tuliitazama wote.

"Mvua hiyo ya kwangu," akasema Mama Nasra.

"Mvua yako, daraja langu," akajibu Bhai.

"Mimi nimechora nini?" Mjomba akauliza.

"Mbuzi aliyepanda juu ya paa."

Akamtazama sana. "Ndiyo maana nilichelewa. Mbuzi ana manyoya mengi."

Kurudi Ilala sikufanya mazoezi ya neno lolote. Nilichojifunza ni kwamba programu haikudanganya. Kompyuta zilielewana mara moja. Wenye kompyuta ndio wasio na kitufe cha kubonyeza.

Nyumbani mama alikuwa anakuna nazi. "Mbona sauti imekukauka?"

"Nimeongea."

"Na nani?"

"Na korido nzima."

Akaacha nazi, akafuta mkono kwenye khanga, akanigusa paji la uso aone kama nina homa.