Maneno Tuliyokatazwa Nyumbani Chole

Juzi nilivuka kwenda Chole, mwenzangu, nikasimama mbele ya nyumba nilimozaliwa. Mtoto mmoja mwenye mbuzi wake akaniamkia, shikamoo, kisha akaniuliza, "Bibi, unatafuta nini kwenye gofu?" Gofu! Uso uliniwaka kwa haya. Sisi utotoni tungelitamka neno hilo, tungelala na njaa.

Zilikuwa enzi za Mdachi. Babu alikwisha kufa, minazi imegawanywa, na nyumba yetu ya mawe na chokaa ilikuwa ikiondoka kidogo kidogo. Asubuhi tulifagia unga wa mchwa kabla ya kuteleka uji. Masika sufuria zote zilitoka jikoni kwenda kukinga maji vyumbani. Bibi, mama yake baba, alifukiza udi makusudi afunike harufu ya ukungu. Lakini ole wako useme kitu kimeoza, kimebomoka au kinataka kuanguka. "Unatuchuria!" angekufokea. Aliamini ukiitaja balaa umeiita. Basi boriti zetu "zimechoka", na ukuta wenye ufa "unapumua". Hata baba, mtu mzima na ndevu zake, alisema hivyo hivyo.

Ndipo shangazi, mdogo wake baba, akaletewa posa kutoka Baleni. Alimtaka yule kijana, asikudanganye mtu. Halua ya wageni aliipika mwenyewe, akaikoroga mpaka mkono ukavimba.

Wageni wakaingia, na baba wa kijana akaketi moja kwa moja chini ya boriti iliyochoka kuliko zote. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, bibi katikati yetu, masikio wazi, nami nikichungulia penye upenyo. Baba naye alijua kuwa bibi anasikia.

"Mzee, sogea huku kuna upepo," akasema.

"Hapa panatosha, mwanangu."

"Huku mkeka ni laini zaidi."

"Alhamdulillahi, nimeshatulia."

Jasho lilimtoka baba. Neno moja tu lilitakiwa, naye akalitupia jicho pazia.

Boriti ikakatika. Chokaa ya dari ikamwagika juu ya halua na juu ya kofia ya mzee, kipande kikamchubua bega. Na bibi, Mungu amrehemu, akapaza sauti nyuma ya pazia: "Paka hao! Paka wa darini!"

Mzee akajipangusa. "Mna paka wakubwa, mashallah." Kisha akamgeukia baba. "Ulijua?"

Baba akainamia mkeka.

"Nyumba mbovu si aibu, mwanangu. Sisi wenyewe tunaezeka makuti. Lakini mimi mgeni wako, umeniacha nikae hapa. Sasa na huyo binti, mtatuambia kweli?"

Wakaaga kwa heshima, kahawa hawakuigusa. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi hakulia mbele yetu. Alichukua ufagio, akaizoa chokaa pamoja na halua yake, akaenda kuvimwaga nyuma ya nyumba.

Habari ile ilienea kisiwa kizima, na hakuposwa tena. Watu wa nyumba ile wote wametangulia mbele ya haki, nimebaki peke yangu kuona haya kwa niaba yao. Shangazi aliishi humo mpaka nywele zikawa nyeupe. Kila mgeni akipiga hodi, yeye ndiye aliyemuwahi mlangoni, akamwambia kwa sauti ambayo bibi chumbani aliisikia vizuri: "Karibu. Pale usikae, pameoza."