Mshumaa Kwenye Bwawa la Mreno

Juzi jioni umeme ulikatika tena hapa Kensington, Johannesburg, na uliporudi niliuzima mshumaa kwa vidole. Harufu ya utambi ikanipanda puani, na papo hapo nikarudi mtaa wa Rosettenville, kusini mwa jiji, mtoto mdogo mwenye miguu baridi asiyeelewa kitu. Mnivumilie, maana hata leo kisa hiki bado kinanichanganya kidogo.

Tulikuwa tumepanga chumba cha nyuma kwa Mreno mmoja mzee. Uani mwake kulikuwa na bwawa la kuogelea ambalo hakuna aliyeogelea humo tangu mkewe afariki. Lilikuwa na ufa. Maji yalibaki upande wa kina tu, ya kijani, yanayovutika kama mlenda, na upande mwingine sakafu ilikuwa kavu, ikiteremka polepole kuelekea majini. Sisi watoto tulipaita bondeni.

Asubuhi moja ya Julai, mwezi wa baridi kali huku, tuliamka tukakuta nyasi zimekuwa nyeupe, bomba la uani limegoma, na maji ya bondeni yameganda. Rafiki yangu Lindiwe, aliyekaa chumba cha mbele na mama yake, alikuwa ameona kwenye televisheni watoto wa Ulaya wakiteleza juu ya ziwa. Basi, hatukuhitaji kikao. Lindiwe alinizidi umri kidogo na alijua kila kitu duniani, na alisema barafu hupimwa kwa jiwe. Akarusha jiwe. Likateleza likitoa mlio mwembamba, kama ndege mdogo, likagonga ukuta wa pili. Barafu haikutoboka.

"Sharp," akasema, yaani safi, kisha kwa Kiswahili alichokiokota kwetu: "Iko sharp, twende."

Hapo akatokea mama mdogo Riziki, mdogo wake mama, kitenge kichwani na mswaki mkononi. Alikuwa amefika kutoka Goma miezi michache kabla, na alisuka nywele saluni moja kule La Rochelle, mtaa wa jirani. Barafu hakuitazama hata kidogo. Alitazama ukungu uliolala juu yake, mweupe, uliotulia, usiofika hata magotini. Uso wake ukabadilika.

"Mutoto asishuke mule," akasema. "Iko mazuku."

Neno hilo sikulijua, na mama mdogo hakuwa mtu wa kueleza. Aliingia ndani, akarudi na mshumaa unaowaka, akausimamisha ndani ya kopo tupu la maziwa, akalifunga kamba na kuliteremsha bondeni taratibu. Mwali ulisimama wima. Kopo lilipozama kwenye ukungu, ukazimika. Kamoshi kakapanda, na ile harufu ikatufikia.

"Mumeona? Hewa ya mule inauwa. Hata imbwa, hata ng'ombe. Na ukijikuta mule usiiname, iko inalala chini kabisa."

Mimi na Lindiwe tukatazamana. Kwa hiyo jiwe limekubali, mshumaa umekataa. Na moto unahusiana nini na barafu? "Eish, huyu aunty wako," akaninong'oneza Lindiwe, na nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Mama mdogo alipoingia ndani kumwita mama, sisi tukashuka. Ilionekana haki mimi nitangulie kwa kuwa nilikuwa mwepesi. Nakumbuka hatua ya kwanza ilivyonishika, na furaha iliyonijaa kifuani, nikajiona mtoto wa televisheni. Kisha barafu ikasema kitu, sauti ya kioo kinachotafunwa, na nikawa ndani ya maji hadi kifuani. Baridi ilinikaba sauti. Nilijaribu kupanda, lakini sakafu ilikuwa na ute, na kila nilipojivuta nilirudi chini zaidi, maji yakanifika kidevuni. Lindiwe alikimbia juu akipiga mayowe.

Nilimwona mama mdogo akija. Alisimama ukingoni kitambo kidogo, nikafikiri atageuka. Kisha akavuta pumzi, akafumba mdomo, akateremka mashavu yamevimba kama mpuliza tarumbeta. Nilitetemeka kwa baridi, nilikaribia kufa, na bado nilitaka kucheka. Akalala kifudifudi pale chini, uso ukigusa barafu, akanishika jezi na kunivuta. Macho yalimtoka. Alinibeba hadi juu, na tulipofika kwenye nyasi ndipo alipoachia pumzi, kwa kishindo, akaanguka magotini.

Nilingoja kipigo. Badala yake alinilaza chali akaniuliza maswali ya ajabu. Kichwa kinazunguka? Unaona giza? Una usingizi? Nilimwambia nimepoteza kiatu. Hakusikia. Siku nzima alikaa nami kando ya hita ya mafuta ya taa, na kila nilipofumba macho alinifinya. Mama, ambaye kwa kawaida angenichapa kwanza na kunikausha baadaye, alikaa kitandani akimtazama mdogo wake. Nilichanganyikiwa kabisa. Aliyezama ni mimi, anayelia ni mama mdogo.

Lakini mshumaa nilianza kuuheshimu. Si ulisema kweli? Shuleni mwalimu alipouliza tutajuaje kama barafu ni imara, nilinyoosha mkono nikasema tuteremshe mshumaa. Darasa zima lilicheka, na mimi nilikasirika kweli.

Nilikuwa sekondari mama aliponieleza, kwa sauti ya chini. Kwao, karibu na volkano, hutoka ardhini hewa isiyo na rangi, nzito, inayojikusanya mabondeni, hasa alfajiri upepo ukitulia. Ndiyo mazuku. Mdogo wao wa kiume alishuka bondeni nyuma ya nyumba kufuata mbuzi, akaanguka. Baba yao akashuka kumfuata, naye akaanguka. Riziki alitaka kushuka, majirani wakamshika nguo. Kule kila mtu anajua: aliyeanguka mule hafuatwi.

Ukungu wa Mreno ulikuwa ukungu tu. Mshumaa sijui ulizimwa na nini, labda unyevu, labda upepo. Lakini mama mdogo hakujua hivyo. Alisimama pale ukingoni akiwa na hakika kwamba chini ni kifo, na kwamba kinalala pale pale alipolaza uso wake.

Juzi alikuwa amekuja kunitembelea, na mshumaa ulipozimika tulikuwa mezani sote wawili. Tukanusa. Nikamwuliza nilichokaa nacho miaka yote.

"Mama mdogo, uliamini hewa ile inaua. Mbona ulishuka?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Sasa weye ungebakia na nani mule chini?"