Bibi Alipomtukana Mbuzi

Sweta la sufu likilowa mvua lina harufu yake, nusu kondoo nusu moshi wa jikoni. Nikiisikia popote pale narudi kanisani kwetu Masukulu, kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, ambako mvua ya Rungwe ilikuwa ikitupiga bila kuuliza leo ni Jumapili au la. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Bibi, mama mzazi wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na mimi pembeni yake nimejibanza kwenye sweta lake.

Msidhani tulikuwa wachelewaji. Kanisani kwetu mtu aliyekosa hadharani alikuwa anatengwa. Hakushiriki Meza ya Bwana, na alikaa benchi la nyuma mpaka wazee wa kanisa waridhike kwamba amejirekebisha. Wengi wakishatengwa walikuwa hawaonekani tena. Bibi alionekana kila Jumapili, tena mapema, na akiimba alikuwa anawafunika hata wanakwaya.

Kosa lake lilikuwa moja tu: mdomo. Jamani, Bibi alikuwa na mdomo! Angeweza kukupa mkungu mzima wa ndizi, akakubebea mpaka kwako, lakini ukimkorofisha alikuwa anakutukana wewe na ukoo wako mpaka majirani wanatoka nje kusikiliza. Wazee walikuwa wanamtenga, anatubu, anarudishwa mezani, na baada ya miezi michache tunalirudia benchi letu. Watoto wenzangu walikuwa wananicheka kwamba bibi yangu amezaliwa nyuma. Niliona aibu sana.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa hivi, mambo yakawa mazuri. Bibi alikaa miezi sita hajamtukana mtu. Alikuwa akipandwa na hasira anafunga mdomo, anashika jembe, analima kwa nguvu hadi jasho linamtoka kwenye baridi ile. Wazee wakakubali kwamba siku ya Pasaka atasimamishwa mbele, apewe mkono na mchungaji, na ashiriki. Mimi nilikwishashonewa gauni na fundi mmoja Mwislamu wa Tukuyu mjini, la maua ya njano, na nilikuwa nahesabu siku. Safari hii tutakaa mbele, nikawaambia wale waliokuwa wakinicheka.

Basi, Jumatano kabla ya Pasaka tulirudi kutoka shamba la kijiji. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na siku ya shamba la kijiji hakuna aliyebaki nyumbani. Tulipofika tulimkuta mbuzi wa jirani yetu, Mama Lugano, katikati ya maharage ya Bibi. Matuta mawili yalikuwa yamekwisha, na mbuzi anatafuna huku akitutazama, hana hata wasiwasi.

Bibi alifungua mdomo. Alianza na pembe za yule mbuzi, akashuka kwenye ndevu, akahamia kwa mama yake, akamalizia na nyumba aliyolelewa. Miezi sita yote ikatoka kwa mkupuo! Mvua ilikuwa inanyesha na Mama Lugano alikuwa bado shambani. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi na mbuzi.

Alipomaliza alikaa kizingitini.

"Atu," akaniita, "nimeanguka."

"Bibi, huyo ni mbuzi tu!"

Kesho yake asubuhi alivaa sweta, akaenda kwa Mzee Ambilikile, mzee wa kanisa, na mimi nyuma yake nikimvuta nguo arudi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akavua miwani.

"Mama, kanisa halijamtenga mtu kwa kutukana mbuzi."

"Mzee, mbuzi hajalelewa kwenye nyumba," Bibi akasema. "Nilikuwa namtukana mwenye mbuzi."

Mzee akaacha kucheka. Akamwambia aende akamwombe radhi Mama Lugano, wakipatana aje mezani. Bibi akaenda moja kwa moja. Mama Lugano, ambaye hakuwa na habari yoyote, akasimama na ungo wake mkononi akitaka kujua ametukanwa nini hasa. Bibi akakataa kuyarudia maneno yale. Basi Mama Lugano akawaka kweli kweli, akasema Pasaka au si Pasaka, yeye hasamehe. Na Bibi, aliyekuwa na majibu kwa kila mtu Rungwe nzima, aliinamisha kichwa, akasema, "Una haki, mwanangu," akaondoka.

Pasaka tukakaa nyuma. Au niseme, yeye alikaa nyuma. Mimi nilikwenda mbele na gauni langu, nikakaa na watoto wengine, sikugeuka hata mara moja. Lakini niliisikia sauti yake wakati watu wanakwenda mezani. Alikuwa anaimba wimbo wote, ubeti kwa ubeti, hajakosa neno.

Njiani kurudi nikashindwa kujizuia. Nikalia, nikamwambia angenyamaza tu tungekuwa mbele. Nikamuuliza kwa ukali, kama vile mimi ndiye mkubwa, "Utaacha lini, Bibi?"

Hakunikaripia. Alipangusa pua yangu kwa ncha ya kitenge chake.

"Sijui, mjukuu wangu. Ila sikiliza. Kabla sijaamini nilimpiga mke mwenzangu kwa mchi. Nilipobatizwa nikaacha mchi, nikawa natukana watu mbele ya watoto wao. Mwaka huu nimemtukana mbuzi, tena nimejificha kwenye mvua. Kyala, Mungu wangu, anaona ninakokwenda."

Nilinuna hadi nyumbani. Mama Lugano alikuja kumsamehe wakati wa mavuno, na Bibi akarudi mezani. Akaanguka tena, akarudi tena. Hivyo hivyo mpaka uzee ulipomchukua, na miaka ile ya mwisho hata kuku walikuwa wanapita jikoni kwake kwa amani.

Mimi ndiye niliyerithi ule mdomo. Nimeshamliza karani ofisini, nimeshamfukuza mgeni wa dada yangu, na kuna kipindi niliacha kanisa karibu miaka mitatu kwa sababu niliona nitaonekana mnafiki. Ndipo nilipomwelewa Bibi. Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka alipokaa, na hakuna ambaye angemzuia, lakini hakutoka. Nampenda kwa hilo kuliko kwa wema wake wote.

Sasa naenda tena kanisani. Juzi tu nimemfokea dereva wangu, nikamfuata nyumbani kwake kumwomba radhi, akacheka. Mimi bado niko kwenye watu. Kwa mbuzi sijafika.