Kuozesha kwa Pamoja

Mimi niliolewa kwa sababu ya maganda ya machungwa. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza, maana kicheko kikiisha ndipo wanaponisikiliza.

Ihanja wakati ule kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye makazi yetu ya zamani, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara kuu kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Kila baada ya muda alikuja mtu na mradi wake. Alikuja wa kuku, kuku wakafa. Alikuja wa alizeti, akaleta mbegu mvua zimekwisha. Sisi tulipiga makofi. Kupiga makofi ndiyo kazi ya pamoja tuliyoifanya kwa bidii kuliko zote, wala haikuhitaji jembe.

Kisha akatokea bwana mtaalamu. Alikuwa kijana wa pwani, amesoma ng'ambo, ana miwani na viatu ambavyo vumbi la Singida lilivichukia tangu siku ya kwanza. Mjini Singida kulikuwa na familia moja ya Kihindi yenye kiwanda kidogo cha sharubati nyuma ya duka lao. Machungwa waliletewa kwa lori kutoka Tanga, wakayakamua, maganda wakayamwaga korongoni, mbuzi wa mji wakafanya sherehe. Bwana mtaalamu alipoyaona yale maganda alishika kichwa. Tunatupa utajiri, alisema. Eti ndani ya ganda kuna mafuta ya kutia harufu kwenye sabuni, kuna utomvu wa kugandishia jamu, na makapi yake ni chakula cha ng'ombe. Vyote vimefungwa humo ndani, havitoki kwa kutwanga wala kwa kukamua. Vinatolewa na chachu maalumu, unga aliokuja nao kwenye mikebe, ambao ukichanganywa na maganda na maji ya uvuguvugu unalivunja ganda taratibu mpaka linaachia kila kilichomo. Wajukuu wangu leo wanasoma shuleni kwamba ule unga ni vimeng'enya. Yeye kazi yote aliipa jina moja: kuozesha.

Sasa hebu niambie. Sisi Wanyaturu tuliokijua Kiswahili cha kuokoteza, kuozesha tulijua ni jambo moja tu, kumpa binti mume. Ndiyo, nyama ikikaa tunasema imeoza. Lakini ni nani mwenye akili zake atakayeketi akaozesha kitu kwa makusudi? Mtama wa kimea unauvundika. Ndizi unazivundika. Angesema kuvundika, hata bibi yangu, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, angemwelewa na kumletea chungu. Lakini msomi atatumiaje neno analolijua bibi? Si ataonekana hakusoma?

Tena hakuja kijijini mwenyewe. Mabalozi wa nyumba kumi ndio walioitwa mjini, wakaketishwa kwenye mabenchi, wakahutubiwa asubuhi mpaka jua likapinda, halafu wakaambiwa kila mmoja akawaeleze watu wake. Balozi wetu alikuwa mtu mwema mwenye mdomo mkubwa na masikio madogo. Nadhani alisinzia, akaamka katikati. Aliporudi aliwakusanya wazee wa nyumba zetu uani kwetu, kwa kuwa uwanja wetu ulikuwa mpana. Mimi nilikuwa mlangoni napeta mtama, nikasikia kila neno.

"Serikali inaanza kuozesha," alisema. "Kijiji kizima kitaozesha kwa pamoja, na kila kaya itashiriki. Yanatakiwa yaliyokomaa, lakini mabichi, yasiyoguswa. Hakuna mtu kuozesha kwake binafsi. Faida yote itaingia kwenye mfuko wa kijiji."

Mtu wa pwani angesema mbona hayo ni ya maganda, mabinti hawaitwi yaliyokomaa. Huko pwani watu wana muda wa ngeli. Kwetu ng'ombe walikuwa wakati mwingine wanakuja, wakati mwingine zinakuja, na maziwa tulikunywa vilevile. Kisha balozi akayageuza yote kwa Kinyaturu, na kwa Kinyaturu neno lile halikuwa na pa kujificha. Serikali inakusanya mabinti. Itawaoza yenyewe. Mahari itachukuliwa na kijiji.

Hakuna aliyebisha. Wangebishaje? Watu waliokwisha kuhamishwa nyumba zao, makaburi ya wazazi wao yakabaki porini, wataona ajabu gani mabinti nao wakihamishwa?

Baba alibaki ameketi wageni walipoondoka. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nangoja majina ya wanaokwenda sekondari. Nilitaka kwenda. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, chakula au nguo, na mwalimu wangu alikuwa amemwambia baba waziwazi kwamba kichwa cha hesabu kama changu hajakiona pale. Na baba, nisimnyime haki yake, alikuwa amekwisha kumkataa mtu mmoja wa kijiji cha jirani, mfugaji aliyefiwa na mke, mwenye zizi ambalo wanaume walilipita wakigeuza shingo. Alimwambia, "Ngoja kwanza majina yatoke." Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, na nilimpenda baba kwa ajili yake.

Jioni ileile alimtuma mjomba kwa yule mfugaji. Ng'ombe wakafika kwetu kesho yake asubuhi, umande haujakauka. Nililia, nikakataa kula, nikamwambia mama kwamba nitakimbilia kwa mwalimu. Mama aliniosha uso kama mtoto. "Bora upewe mmoja tunayemjua," akasema, "kuliko kugawiwa ofisini." Aliamini kabisa. Baba naye aliketi zizini siku nzima, akiwatazama ng'ombe.

Siku ya kunipeleka tulitembea kandokando ya barabara kuu, mimi nimefunikwa, shangazi amenishika mkono, akina mama wanaimba nyuma yetu. Lori likatokea upande wa mjini. Kabla halijatufikia tulisikia harufu, harufu nzuri mno, ambayo sitaki kuisikia mpaka leo. Lilikuwa limejaa maganda ya machungwa mpaka juu. Likasimama, maana dereva alitaka kuuliza njia ya ofisi ya kijiji, na shangazi akamwuliza amebeba nini.

"Maganda," akajibu. "Ya kuozesha."

Wale akina mama walilisogelea lori, wakachungulia. Kisha mmoja akaanza kucheka, akafuata wa pili, wakacheka mpaka wengine wakaketi chini barabarani wameshika mbavu. Mimi nilifunua uso nikamwambia shangazi, turudi. Nilisema kwa adabu, shikamoo shangazi, tafadhali turudi, si umesikia mwenyewe? Shangazi akafuta machozi yake ya kicheko.

"Turudi wapi, mwanangu? Ng'ombe wameshalala kwa baba yako."

Nikafunikwa tena. Huo ndio ulikuwa mwisho wa majadiliano.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee, alikohoa, alinipenda kwa namna ya mtu aliyenunua kitu kwa bei kubwa na anaogopa kisivunjike. Na unajua wake wapya walipangiwa kazi gani ya kujenga taifa? Mradi ulikuwa wa vijiji viwili, chao na chetu, basi nikapangiwa mapipani. Mimi, niliyeolewa kwa ajili ya maganda, nikakabidhiwa mwiko mrefu niyakoroge. Bwana mtaalamu sasa alikuwa amefika, anatueleza kwa kiganja kilichonyooshwa kana kwamba anawalisha kuku.

Lakini nitasema kweli, yale mambo yalinivutia. Tulikata maganda vipande vidogo, tukayatia kwenye mapipa na maji ya uvuguvugu, akanyunyiza ule unga wake, kiasi cha chumvi ya mboga tu. Kesho yake ganda gumu lilikuwa limelegea lote. Tulipolichuja ukatoka utomvu mzito unaovutika kama mlenda, na juu ya maji pakaelea utando mwembamba wa mafuta. Nikamwuliza ile chachu inakwenda wapi ikishamaliza kula ganda. Akasema haiendi popote, wala haili. Inakata tu, kisha inabaki vilevile, inakata tena. Nikamwuliza, sasa mbona kazi inafika mahali inasimama? Kama yenyewe haipungui, si ingeendelea? Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu.

"Wewe ulitakiwa uwe shuleni," akasema.

Nikamweleza kwa nini sipo. Nilimweleza yote, neno lake, balozi, ng'ombe, nikadhani mtu aliyesoma kiasi kile atakwenda kwa baba, atasema kosa lilikuwa langu, mrudisheni huyu binti, ng'ombe warudishwe kwa mwenyewe. Bwana mtaalamu alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Akasema atakwenda kuwasimulia wenzake, hawataamini. Kuhusu baba, akasema hayo ni mambo ya ndani ya familia, yeye mgeni hawezi kuyaingilia. Yeye ambaye alikuwa ameingia ndani ya familia yetu kwa neno moja bila hata kubisha hodi.

Mradi wake ulikufa hivi. Alikwenda semina. Mwenyekiti wa kijiji akasikia kwamba chachu inapenda joto, na kwamba kijiji kingine kimeahidi kuzalisha zaidi yetu. Basi kwa ari na mori akaamuru moto chini ya mapipa. Kama uvuguvugu unafanya kazi kwa siku nzima, alisema, maji ya kuchemka yatafanya kwa saa moja. Tukakata kuni, tukachochea, tukaimba. Chachu ikapikwa, ikafa. Maganda yakaiva tu kama mboga, na mikebe yote ikaishia humo. Mtaalamu aliporudi alifungua pipa, akalifunga, akapanda gari. Chupa moja ya utomvu ule wa kwanza ilipelekwa kwenye maonyesho mjini, nikasikia ilipigiwa makofi.

Majina ya sekondari yalikuwa yametoka. Langu lilikuwamo. Mwalimu alikuja mwenyewe kwa baiskeli kunipa habari, akanikuta mapipani na mimba yangu ya kwanza, akazungumza habari za mvua, akaondoka.

Baada ya hapo ikawa hadithi ya kuchekesha watu. Kila harusi, kila msiba ukishapoa, lazima mtu aisimulie. Baba ndiye aliyeisimulia vizuri kuliko wote. Aliigiza sauti ya balozi, aliigiza lori linavyosimama, watu wakavunjika mbavu, na mwisho alitikisa kichwa na kusema Kiswahili hiki kitatumaliza. Mimi nilimchukia balozi. Miaka na miaka nilipishana naye njiani nikampa salamu kavu, shikamoo isiyo na macho. Nilimdharau kwa masikio yake madogo. Nilimdharau mtaalamu kwa midomo yake, nikawadharau wote waliotutuma kupiga makofi. Baba sikumdharau. Baba alidanganywa, nilisema, na alitaka nipewe mtu tunayemjua.

Mume wangu alipofariki, na mama naye akatangulia, nilimchukua baba nikakaa naye. Alikuwa amezeeka sana, meno hana, namlisha uji. Siku moja kulikuwa na msiba kwa jirani, na yule balozi, naye kikongwe sasa, akaketi karibu nami. Mtu akaanzisha hadithi ileile. Safari hii nilichoka. Nikamwambia balozi mbele za watu kwamba mdomo wake ulinimaliza, na kwamba angekuwa mtu mzima ovyo tu asiye na cheo ingekuwa nafuu.

Hakukasirika. Alisubiri watu wageukie mambo mengine, akasema taratibu, "Mama, mimi nilirudi. Kesho yake ileile. Nilikuwa nimekutana na balozi mwenzangu njiani akanicheka, akaniambia ni maganda. Nikakimbia kwa wazee wote kusahihisha, nao kwa aibu hawakuwaambia wake zao. Kwenu nilimkuta baba yako zizini. Akaniambia amesikia, niende zangu, na wanawake wake nisiwaambie mpaka harusi ipite."

Nilirudi nyumbani, nikakoroga uji, nikamlisha baba kama kawaida. Alikuwa katikati ya bakuli nilipomwuliza kama ni kweli kwamba balozi alirudi. Sikumpandishia sauti. Alimeza, akafikiri, macho yake yakachangamka kidogo.

"Wale walikuwa ng'ombe wazuri," akasema.

"Na mimi je, baba?"

"Na wewe ulikuwa mzuri," akasema, akafungua mdomo apewe kijiko kingine. "Ndiyo maana walitoa wengi."