Wiki ya Matembezi Ndani ya Kosta

Niliondoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, kwa sababu ya Faida, mdogo wangu aliyeolewa Kakoba, mjini Mbarara. Mara ya mwisho kufika kwake, shemasi wa kanisa letu ndiye aliyenishika mkono. Faida akamsalimia shemasi. Akamuuliza shemasi, "Yaya anakunywaka chai?" Yaya, yaani dada mkubwa, ndiyo mimi, nami nimekaa pale pale, masikio mazima, yaliyokufa ni macho tu! Wakati wa kuaga akanikabidhi kwa shemasi kama mfuko wa maharage, akafunga lango. Kwetu Kivu Kusini, kule Kongo, mgeni husindikizwa, hata yule asiyependwa, angalau mpaka njia panda. Nikaapa kwamba nikirudi pale nitakwenda mwenyewe, sitapelekwa.

Basi niliposikia kuna wiki ya matembezi ya wasioona, kwa miguu kutoka kambini hadi Mbarara, nilijiandikisha wa kwanza.

Jumatatu asubuhi, Base Camp, penye ofisi za kambi. Tuligawiwa fulana zenye maandishi, na hakuna aliyejisumbua kutusomea yanasema nini. Kisha tukashikishwa kamba moja, wote, kama mbuzi wa mnadani. Mkuu wa msafara, mwanamke wa Kampala tuliyemwita Madamu, alipiga makofi. "Mufurahie mandhari!" Haya, tukafurahia mandhari.

Njia ya kando ya ziwa ni tambarare, nimeipita na ndoo ya maji miaka nenda rudi. Tulitembezwa humo kama wagonjwa, tukisimamishwa kila mara tupigwe picha. Ronald, Mnyankore mpole aliyepangiwa kuniongoza, aliuchukua mfuko wangu wa maharage.

"Nyabo, wewe usichoke." Nyabo kwao ni mama.

"Hayo ni zawadi ya mdogo wangu. Anayebeba zawadi ndiye mgeni."

Akacheka, akaendelea kuubeba.

Jumanne tulifika vilima vya Isingiro, nikajiambia sasa ndiyo safari. Wapi! Mlima ulipoanza tu, kosta, basi dogo la msafara, ikanguruma nyuma yetu. "Hapa ni hatari," akasema Madamu, tukapakiwa. Kileleni tukashushwa, tukaambiwa tuheme kidogo kwa ajili ya picha, ingawa aliyepanda mlima ni kosta. Ikawa hivyo siku zote: matope, gari, daraja, gari, mteremko, gari. Mzee Bahati, mwenzangu wa kamba, aliyelima milimani tangu utoto, akashindwa kuvumilia. "Hii kutembea ni ya miguu ao ya motokari?" Madamu akamjibu kwamba usalama ni muhimu.

Ijumaa mchana, Mbarara. Tuliketishwa katika ukumbi mmoja wa Kakoba kusikiliza hotuba juu ya ujasiri wetu. Ujasiri gani, jamani, wa kukalia kiti cha gari? Mara adhana ikatoka upande wa kulia. Nyumba ya Faida iko mteremkoni, chini kidogo ya msikiti. Nikamwomba Ronald mfuko wangu.

"Nyabo, unaenda wapi? Ngoja mimi nakupeleka."

"Ukinipeleka umeniua."

Akanitwika mfuko kichwani, akanifungulia mlango.

Nje nikamuuliza mwendesha boda njia. "Panda, mama, nakupeleka." Loo, kila mtu na kupeleka! Nilipong'ang'ania, akaniambia nifuate mtaro mpaka nisikie mashine ya posho ikisaga mahindi, halafu nikate kushoto. Fimbo ikashika ukingo wa mtaro, nikaenda. Nilipotea. Nikajikwaa kwenye matofali ya mtu, nikatukanwa, nami nikatukana. Nikajiambia: nikiokotwa hapa na kurudishwa ukumbini, basi mimi ni mzigo hadi kaburini. Ndipo nikaisikia mashine.

"Hodi!"

Lango likafunguka. "Yaya? Nani alikuleta?"

Faida akanipita, akatoka mpaka barabarani. "Karibuni! Muko wapi?" Akaita tena. Hakuna aliyeitika. Akarudi polepole, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, ikabidi anisalimie mimi.

Akanitua mfuko. Akanishika mikono yote miwili. "Utakunywa chai, Yaya?"

"Nitakunywa. Sukari mingi."

Alasiri tukarudi ukumbini, yeye kandoni mwangu, bila kunishika, akiniambia habari za watoto. Madamu alikuwa amewaka. Tumekutafuta! Ungegongwa! Kisha akanigeuzia kisogo, sauti ikalainika: "Asante sana, dada, kwa kumleta. Ni wewe unamtunza?"

Hayo ndiyo aliyojifunza kwetu wiki nzima. Nilichojifunza mimi nilikisikia hapo hapo, kinywani mwa mdogo wangu.

"Hapana, Madamu," alisema Faida. "Sikumuleta. Niko nasindikiza mugeni wangu."

Nikapanda kosta bila ubishi.