Omena ya Mama Nekesa

Naikumbuka asubuhi moja kule Dundori, ukungu umelalia mashamba ya viazi, nami nimesimama mlangoni mwa banda la nguruwe na karai la mahindi mikononi, nikijiona nina akili kuliko karatasi ya malisho iliyopigiliwa ukutani. Mwanangu, unanyonya hapa mapajani pangu na bado hulijui hata jina lako. Nasaha ni kazi ya wazee, na mimi sijaota mvi hata moja. Lakini aliyenifunza haya alikuwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo nami nitasema nikiwa na wangu.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya sekondari. Babu yako alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu, na kwa vile nilijua kusoma, Memsabu alinipa kazi ya kumsaidia Mzee Wafula kulisha nguruwe. Mmoja alikuwa na mimba, jike kubwa tuliyemwita Malkia. Mzee Wafula hakujua kusoma. Alimbonyeza Malkia mgongoni kwa kiganja, akasema, "Uti wa mgongo bado nausikia, hajanenepa mno. Chakula kinatosha."

Karatasi nayo ilisema hivyo hivyo. Mwenye mimba apewe pumba kwa kipimo, majani mabichi, na konzi moja ya unga wa mifupa. Akishazaa ndipo aongezwe kila siku, apewe na unga wa samaki na maziwa ya mashine, yale yanayobaki krimu ikishatolewa.

Mzee Wafula akashikwa na kifua, akalala kwake wiki tatu. Nikabaki peke yangu na ujuaji wangu. Nilitazama lile tumbo la Malkia nikajiambia, huyu anakula kwa ajili ya kumi, mbona anapimiwa kama mgonjwa? Nikamwongezea mahindi. Nikamchanganyia unga wa samaki uliowekwa kwa ajili ya siku za kunyonyesha, mpaka gunia likabaki vumbi. Malkia akanona akang'aa. Wanasema akiba haiozi. Mimi niliona akiba ni uchoyo.

Mzee Wafula alirudi siku mbili kabla ya Malkia kuzaa. Akaweka kiganja mgongoni. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Msomi," ndivyo alivyoniita siku zote, "uti uko wapi?"

"Amenenepa, mzee."

"Hilo naona. Na gunia la samaki?"

Nikamwonyesha vumbi lililobaki. Hakunigombeza. Alikalia debe, akavua kofia. "Lingine linakuja mwisho wa mwezi. Hawa watoto wakifa, Memsabu hataniuliza nani alisoma karatasi. Atanifukuza mimi, na nyumba ataitaka."

Nyumba ilikuwa ya shamba. Ndani alikuwemo mkewe, Mama Nekesa, aliyekuwa amemzaa Nekesa majuzi tu.

Malkia alizaa kumi na mmoja. Kwa uzito wake akawalalia watatu, wakafa. Wanane walivuta chuchu, wakaachia, wakalia, maana maziwa hayakuja. Pumba ilikuwepo, lakini ng'ombe wengi walikuwa wamekauka, hivyo maziwa ya mashine yalikuwa haba, na samaki nilikuwa nimemmaliza kabla ya wakati wake. Siku ya pili kelele zao zikaanza kupungua. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Siku ya tatu Mama Nekesa akaja bandani, mtoto mgongoni, sufuria mkononi. Ndani alikuwa na omena iliyotwangwa, vile visamaki vikavu ambavyo ndugu zake walimletea kutoka ziwani apate maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Kwapani alikuwa na chupa ya maziwa, ile ambayo shamba liliwapa kila siku. Akamimina vyote kwenye hori la Malkia.

"Mama, hicho ni chakula chako," nikasema.

"Nikila mimi, huyu nguruwe anakauka. Huyu akikauka, sisi tunalala barabarani. Wewe ungechagua nini, msomi?"

Nikainama nikakoroga hori kwa mkono.

"Ulimjaza akiwa na tumbo kwa sababu tumbo linaonekana," akasema. "Maziwa hayaonekani mpaka yakose. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na anayelea ndiye husahauliwa kwenye sahani." Kisha akacheka kidogo. "Angalau huyu bibi yenu Malkia ana karatasi ukutani. Mimi ukutani kwangu nina moshi."

Alileta sufuria ile siku tisa. Maziwa ya Malkia yakashuka, na wale wanane wakapona. Lakini Nekesa, aliyekuwa na mashavu, mashavu yakaanza kulegea. Niliyaona. Nikaenda kwa Memsabu nikamwambia kosa ni langu. Alinitoa kazini siku ile ile. Mzee Wafula akabaki na nyumba yake. Bibi yako akanisema mpaka nikatamani kuchapwa, kisha akaniamuru nipeleke chupa yetu ya maziwa na uji wa wimbi kwa Mama Nekesa kila asubuhi. Alikunywa mbele yangu, wote, bila haya. Likizo ilipoisha, mtoto alikuwa na mashavu tena.

Sasa, mwanangu, unaninyonya ukinikunjia uso, nawe hujui hasira hii imetoka wapi. Ulipokuwa tumboni nililetewa mayai kutoka Kabazi, nikapikiwa supu, nikakatazwa kubeba maji. Ulipozaliwa, wageni walikuja kukuona wewe. Wakamla jogoo aliyechinjwa kwa ajili yangu, wakaniachia shingo. Jana baba yako aliniuliza kwa nini unalialia, kama maziwa yangu yana kasoro.

Nilimwambia anibonyeze mgongo, ausikie uti.

Basi shika neno hili. Mwenye mimba mlishe vizuri, lakini usimalize akiba, kwa maana kazi kubwa bado inakuja. Ukienda kumwona mtoto mchanga, tazama kwanza sahani ya mama yake. Kama ni nguruwe, tazama hori. Na siku utakapooa, mtoto wako akilia, usiulize maswali kabla hujapakua chakula.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe nyumba ambayo hakuna atakayekudai uihame, na watoto wenye mashavu. Na mke wako asiachiwe shingo kamwe.