Kijiti Kilichopima Unyayo Wangu

Mwezi wa sita mwaka 1996, kuna mtu aliupima unyayo wangu barabarani.

Sikuota wala sikuhadithiwa. Nilikuwa natoka kukimbia, narudi nyumbani, jua ndio linachomoza. Pale kwenye daraja la magogo nikakuta unyayo nilioukanyaga wakati wa kwenda umechorwa mstari kisiginoni na mwingine mbele ya kidole gumba. Pembeni kuna kijiti kibichi, kimekatwa kwa kisu.

Nikakiokota, nikakilaza juu ya unyayo.

Sawasawa. Hakikuzidi, hakikupungua.

Mnaweza kusema labda ni wa mtu mwingine. Hapana. Kidole changu cha mwisho cha kulia hakigusi chini tangu nikatwe na jembe utotoni. Unyayo wenye vidole vinne Kakese nzima ni wangu tu.

Jamani, nywele zilinisimama.

Naitwa Dafrosa. Enzi hizo sisi wa Mpanda tulikuwa mkoa wa Rukwa, Katavi lilikuwa jina la mbuga. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimerudi nyumbani kwa kaka yangu Felisiani baada ya ndoa kunishinda kule Usevya. Mume wangu Enoka alikuwa na mkono mwepesi. Jino langu moja la mbele lilibaki kwake, na sikutaka kumwachia la pili.

Kaka hakunifukuza. Alinipa jiko la nje nilale. Lakini mke wake, wifi yangu Pelagia, weee!

Tulikosana mwezi wa tatu kwa sababu ya sufuria. Naomba msiniulize habari za hiyo sufuria, ni aibu. Tangu siku hiyo hatukusemezana. Akitaka kuniambia kitu anamwambia kuku. "Nyie kuku, mwambieni mwenzenu maji yameisha." Na mimi najibu kwa kuku. Ndivyo tulivyoishi.

Kaka naye akachoka. Akaniambia, "Dafrosa, mavuno yakiisha rudi kwa mumeo. Au nionyeshe utakula nini hapa."

Ndipo parokia ikatangaza mbio za wanawake mwezi wa nane, kutoka Kakese mpaka uwanja wa mpira mjini. Zawadi ni moja tu, ya mshindi wa kwanza: cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Sista mmoja mzee alikuwa anarudi kwao, akasema mashine yake haitolewi kwa kura, ataipata mwanamke mwenye pumzi.

Mimi kushona najua. Nilishona kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu. Nikajua nikiipata ile cherehani, Usevya sirudi. Nisipoipata, narudi kwa Enoka.

Basi nikaanza kukimbia.

Siku ya kwanza nilifika mti wa tatu, nikatapika uji wote. Siku ya pili nikachomwa na mwiba, nikachechemea wiki nzima. Viatu sina. Nilikuwa na kandambili za kaka, zimenizidi vidole vitatu, ukikimbia nazo zinakupiga makofi. Nikakimbia peku, na kitenge nimekikaza kiunoni. Wanaume waliokuwa wanapeleka tumbaku mjini wakawa wananisimamishia baiskeli.

"Dada, nani anakufukuza?"

"Mumeo anakuja nyuma nini?"

Wanacheka hao! Nikameza. Baada ya wiki tatu nikawa nafika mbali bila kusimama.

Sasa ndio nikakutana na hicho kijiti.

Nilikimbilia kwa jirani yangu Dina, mwanamke anayejua kila kitu hata ambacho hakijatokea. Alikiangalia kile kijiti bila kukigusa.

"Shoga, umepimwa."

"Nimepimwa nini?"

"Miguu. Mtu akitaka kukufunga miguu anachukua kipimo cha unyayo, anakipeleka kwa mtu wake. Kijiti kikikauka, na mguu unakauka. Hicho kimemdondoka. Atarudi kupima tena. Nani nyumbani hakupendi?"

Hilo nalo swali!

Kesho yake nilikimbia hadi darajani, nikajificha nyuma ya kichuguu. Sikukaa sana.

Nikamwona Pelagia anakuja, kajifunika kanga hadi kichwani, anaangalia nyuma na mbele kama mwizi wa mahindi. Akachuchumaa kwenye unyayo wangu. Akapima urefu, akapima upana, akakata kijiti kwa kisu cha jikoni. Halafu akakifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka haraka.

Nilitamani nimkurupukie nimwambie, "Wifi, unafanya nini?" Mdomo ukakataa. Kwanza tulikuwa hatusemezani, na pili, mchawi ukimshtua anakumaliza hapo hapo. Ndivyo nilivyoamini.

Baada ya siku mbili, kuku wawili wa Pelagia hawakuonekana. Kuku wake! Yule mama alikuwa hali hata yai la kuku wake. Nikasikia amewapitisha njia ya mashine ya kusaga, amewashika miguu. Huko ng'ambo ya mashine hakukuwa na mtu wa maana isipokuwa mzee Révérien, mkimbizi wa zamani kutoka makazi ya Katumba, anayeishi peke yake na kupenda kufanya kazi mlango umefungwa.

Nikajumlisha mwenyewe. Mzee wa watu nikamgeuza mganga kwa sababu tu simjui.

Sasa nifanyeje? Kuacha mbio siwezi. Nikaona dawa ni moja, nisiache unyayo.

Nilikata tawi kubwa lenye majani mengi, nikalifunga kiunoni kwa kamba ya gome la mti, nikawa nakimbia nalo likiburuzika nyuma. Kila nilipopita barabara ilikuwa safi kama imefagiliwa. Mzigo wake usiuulize. Mapaja yaliwaka moto, mgongo ukakatika, lakini nilikaza. Nikajisifu kwamba nimemkomesha Pelagia.

Siku ya tano sungusungu wa kijiji wakanizingira, sita, na pinde zao.

"Simama hapo hapo!"

Nikasimama.

"Mama, unafuta nyayo za nini?"

Niseme nakwepa uchawi? Ndio kwanza ningeonekana naujua.

"Nafanya mazoezi."

"Ya kuburuza tawi? Alfajiri? Wewe ndiye unayeroga hiki kijiji!"

Walinipeleka hadi nyumbani na tawi langu kiunoni, watoto wanafuata nyuma wanaimba. Kaka aliinama chini kwa aibu. Aliwaomba radhi mpaka wakaniachia, kisha akanigeukia.

"Nimemtumia Enoka salamu. Siku ya mbio atakuja na baiskeli kukuchukua. Na humu ndani nisimwone mtu anamsaidia huyu kwa lolote. Mmesikia?"

Pelagia alikuwa mlangoni. Hakunitazama usoni, alinitazama miguu. Nilivuta kitenge nikaifunika.

Kuanzia hapo sikula chakula chake. Ugali akiniachia, nampa mbwa. Mbwa alinenepa yule! Mimi nikakonda, siku moja nikaanguka njiani nikaamshwa na watu wa mkaa. Nikaanza kulala njaa na kuamka kukimbia, nafukuzia cherehani.

Zikiwa zimebaki siku mbili, nilifungua mlango wa jiko nikakuta kitu kimewekwa kizingitini.

Viatu.

Vipya. Soli nyembamba ya tairi la baiskeli, juu turubai limeshonwa kwa uzi wa katani, na kamba za kufunga. Vyepesi kama kitambaa. Nikaingiza mguu mmoja, nusu tu, nione. Ukaingia wote. Hata ule upande wa kidole changu kilichopanda juu, mshonaji alikuwa ameuachia nafasi.

Nani anajua kidole changu?

Nikachomoa mguu kama nimekanyaga kaa la moto. Nikakumbuka kijiti. Nikasema, kumbe ndio wanavyofanya, wanakupa uvae mwenyewe! Sikumwita mtu, sikuuliza mtu. Nilivibeba kwa ncha ya mwiko, nikaenda navyo chooni, nikavitumbukiza shimoni. Nikasikia vinatua.

Nilirudi nimefurahi, jamani. Naapa nilifurahi. Nilijiona mjanja kuliko wote Kakese.

Siku ya mbio tulikuwa wanawake arobaini hivi. Wengine walikuja kucheka tu, wakaishia kijiji cha pili. Mimi pumzi ninayo, mapaja ninayo, lile tawi lilikuwa limenifanya ngumu bila mimi kujua. Tukabaki wawili mbele, mimi na binti mmoja wa Katumba, mrefu, amevaa raba za kaka yake. Nikampita. Nikasikia anahema nyuma, mara simsikii tena.

Kumbe barabara ya kuingia mjini ilikuwa imemwagwa changarawe wiki ile.

Hatua ya kwanza nikaona nyota. Ya kumi nikahisi maji kwenye wayo, kumbe ni damu. Nikakimbilia pembeni kwenye majani, nako miiba. Nikarudi katikati. Nalia, nakimbia. Uwanja nauona. Meza nyeupe naiona, na juu ya meza cherehani nyeusi inang'aa.

Binti alinipita hatua kama thelathini kabla ya kamba ya kumalizia. Raba zake zikasema kwachu kwachu kwachu, akaenda.

Nikawa wa pili. Wa pili aliambulia kupigiwa makofi.

Nilikaa chini palepale. Nyuma ya watu nikamwona Enoka amesimama na baiskeli, kwenye karia amefunga gunia lililokunjwa vizuri, la kunikalisha. Kaka yuko ubavuni mwake. Nikajua yameisha.

Ghafla mtu akanishika bega akanigeuza. Pelagia. Anahema kuliko mimi, macho mekundu.

Mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, akaniambia mimi, si kuku.

"Viatu viko wapi?"

"Viatu gani?"

"Nilivyokuwekea mlangoni! Mzee Révérien amekesha anavishona! Mbona uko peku?"

Nikaitazama miguu yangu.

"Nilivitupa chooni, wifi."

"Choo... choo kipi?"

"Cha nyumbani."

Mzee Révérien alikuwa nyuma yake. Kumbe ni fundi viatu, miaka yote, na mlango anafunga kwa sababu vumbi la mashine linamharibia gundi. Aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu, akavua kofia.

"Na kidole nilikiachia nafasi," akasema taratibu, kama anajilaumu yeye.

Pelagia aliielewa habari yote palepale. Niliona inavyomwingia usoni.

"Kwa hiyo mimi mchawi?"

"Wifi, ulikuwa unanipima kwa kificho..."

"Ningepimaje? Nikuombe mguu, na hatusemezani? Nipime kandambili za kaka yako? Na viatu ningekupaje mkononi, yeye amekataza mtu asikusaidie! Nimetoa kuku wangu wawili, Dafrosa. Mtetea na jogoo!"

"Lakini hunipendi, wifi."

"Sikupendi ndio! Ndio maana nilitaka ushinde! Upate cherehani yako, uhame, uniachie jiko langu!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilishika miguu yangu nikalia kama mtoto, si kwa maumivu, kwa ule ujinga wangu.

Enoka akasogea. "Haya, mke wangu, panda twende."

Kaka akamshikia baiskeli. Nikajaribu kunyanyuka.

Mkono wa Pelagia ukanirudisha chini. Alikuwa anaitazama ile miguu, damu na vumbi vimeshikana, kisha akautazama mdomo wangu, pale jino lilipokuwa. Sijui alifikiri nini. Akamgeukia Enoka.

"Wewe rudi na gunia lako."

"Mama, huyu ni mke wangu."

"Huyu ana maneno na mimi. Ameniita mchawi kimoyomoyo miezi miwili, mbwa wangu amemlisha ugali wangu. Sijamaliza naye. Hatoki nyumbani kwangu mpaka tumalize."

Kaka akafungua mdomo. Pelagia akamtazama mara moja tu. Kaka akafunga.

Enoka aliondoka na gunia lake tupu.

Leo ni mama mtu mzima ninayewaandikia. Nilishona kwa mkono miaka minne mingine, mashimo ya sindano ninayo hadi leo kwenye kidole. Baadaye nikajenga chumba changu, ukuta kwa ukuta na Pelagia. Tunagombana karibu kila wiki, mara nyingi kwa sufuria, na hakuna anayemwambia kuku. Mpaka leo hatujamaliza.

Nyie mnaosoma, mkimwona mtu anawatazama miguu, muulizeni. Mimi swali lilikuwa moja tu, "Wifi, unafanya nini?" Nililimeza nyuma ya kichuguu kwa woga. Cherehani ikaenda Katumba, na viatu vilivyonitosha kuliko vyote nilivyowahi kuvaa viko chini ya lile shimo hadi kesho, nami nilivivaa mguu mmoja tu.